Nani Kasema Vijana Wamelegea, na Alipima Nini?

Mwangaluka, ndugu zangu. Walimu wa michezo, wazazi, na ninyi wanafunzi mliojazana pale madirishani, nashukuru kwa kunialika hapa Tabora.

Kuna kauli haikosekani kwenye vikao vya wazazi: miili ya vijana imelegea. Sababu nazo hutajwa papo hapo, kabla mtu hajavuta kiti: simu, chipsi, bodaboda. Mzee mmoja atasimama aseme babu zetu Wanyamwezi walibeba pembe za ndovu toka hapa hadi Bagamoyo, na mjukuu wake anashindwa na ndoo ya maji. Uchungu wa mzee huyo nauheshimu. Ila nataka tuihoji kauli yake, kwa sababu tukikosea chanzo tutakosea na dawa, na watakaoumia ni watoto hawa hawa.

Nianze na wapagazi. Frasila moja ni kama kilo 16, na mpagazi wa pembe aliweza kubeba frasila mbili kwa safari ya zaidi ya kilomita 800. Lakini alikuwa nani? Alikuwa mtu mzima aliyechaguliwa kwa nguvu zake, na tunayemkumbuka ni yule aliyefika. Waliobaki njiani kwa ndui, kuhara na njaa hawasimuliwi. Ukimpambanisha mtu huyo na mtoto yeyote wa darasa la sita wa leo, hujapima vizazi viwili. Umepima aliyechujwa na asiyechujwa.

Waingereza nao waliwahi kufanya kosa hilo hilo. Vita vyao na Makaburu wa Afrika Kusini vilipoanza mwaka 1899, kule Manchester walijitokeza wanaume wapatao 11,000 kutaka kuwa askari, na 8,000 kati yao wakakataliwa kwa udhaifu wa mwili. Nchi ikashikwa na hofu. Wapo waliosema ni damu ya taifa inayochakaa kizazi baada ya kizazi. Serikali ikaunda kamati, ripoti ikatoka mwaka 1904, na kamati haikuona ushahidi kwamba taifa zima linazidi kudhoofika. Waliojipanga mbele ya daktari wa jeshi wengi walikuwa maskini wa mjini, watu wasio na kazi, waliokulia kwenye vyumba vya msongamano na njaa. Hawakuwa mfano wa Waingereza wote. Kamati ikapendekeza watoto walishwe shuleni, na mwaka 1906 sheria ya chakula cha shule ikapitishwa. Fikirini wangeendelea kulaumu damu: yule mtoto angekula nini?

Sasa msinielewe vibaya. Sisemi kwamba hakuna kilichopungua. Mwaka 2013 mtafiti Grant Tomkinson wa Australia alitoa matokeo aliyoyakusanya na wenzake kutoka vipimo vya watoto wapatao milioni 25 wa nchi 28, vya kati ya 1964 na 2010. Kwa mbio za maili moja, yaani kilomita 1.6, watoto wa karibuni walitumia kama dakika moja na nusu zaidi ya wenzao wa miaka 30 nyuma. Hilo ni anguko la kweli, na ni la pumzi, yaani uwezo wa kukimbia kwa muda bila kuchoka.

Je, lilianza lini? Takwimu kama hizo za nchi 19, nyingi zikiwa tajiri, zinaonyesha pumzi za watoto zilishuka tangu miaka ya 1980, kisha kasi ya kushuka ikapungua hadi karibu kusimama baada ya mwaka 2000. Simu za kupangusa zilianza kuenea baada ya 2007. Wahenga walisema likiwika, lisiwike, kutakucha: jogoo halileti alfajiri, na simu haiwezi kuwa chanzo cha jambo lililoitangulia. Inawezekana leo inaongeza tatizo, sikatai. Ila aliyelianzisha ni mwingine.

Tena, nguvu ya kiganja cha mkono ilipopimwa kwa watoto zaidi ya milioni 2 katika nchi 19, kati ya 1967 na 2017, ilikutwa imepanda. Pumzi zimeshuka, mshiko umepanda. Basi anayesema "wamelegea" atuambie anasema kiungo gani.

Bodaboda nitaipa haki yake. Kijana aliyekuwa akibeba abiria kwa baiskeli hapa mjini, na sasa anashinda juu ya pikipiki toka alfajiri, amepoteza kazi kubwa ya mwili, na chanzo kinaonekana kwa macho. Lakini huyo ni dereva. Binti wa wilaya ya Uyui, mkoani hapa, anayekwenda shule kwa miguu na kurudi kwa miguu, akishindwa mbio, bodaboda inahusikaje?

Hapa ndipo moyo wangu ulipo, na naomba walimu mnisikilize vizuri. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta malaria kwa takriban asilimia 23 ya watoto wa miezi 6 hadi 59 mkoani Tabora, kiwango cha juu kuliko mikoa yote ya Tanzania Bara. Malaria huvunja chembe nyekundu za damu, na chembe hizo ndizo zinazopeleka oksijeni kwenye misuli. Mtoto mwenye upungufu wa damu anahema mapema, miguu inakuwa mizito, anasimama katikati ya uwanja. Hata mwili wake ukiwa mwembamba, hata kama hajawahi kumiliki simu. Na sisi tulio pembeni na filimbi tunamwita mvivu. Wengine tunamchapa! Mtoto huyo anahitaji kupimwa damu, chandarua, na uji wa asubuhi.

Kwa hiyo kabla ya kutaja sababu, tupime. Chora mistari miwili, umbali wa mita 20, watoto wakimbie kwenda na kurudi kwa mlio unaozidi kuharakishwa. Kipimo hiki alikibuni Luc Léger wa Kanada mwanzoni mwa miaka ya 1980, na hakidai zaidi ya uwanja, kinasa sauti na daftari. Fanyeni saa ile ile, muhula ule ule, kila mwaka, wasichana na wavulana. Kwenye daftari andikeni umri, uzito, amekula nini asubuhi, amekujaje shule, aliugua lini mara ya mwisho. Na aliyekaa kivulini bila kukimbia, jina lake liandikwe pia, pamoja na sababu aliyoitoa yeye mwenyewe.