Msuli Hufupika, Nyuzi Zake Hazifupiki

Assalaamu alaykum. Nashukuru kualikwa hapa Chake Chake, na nafurahi kuona vijana wa skuli wamekaa mbele, maana swali la leo ni lao: ukikunja mkono, ndani ya msuli kinafupika nini?

Zamani wataalamu wengi walidhani nyuzi za ndani ndizo zinazojikunja. Mwaka 1954 wakaja Andrew Huxley na Rolf Niedergerke, na mbali nao Hugh Huxley na Jean Hanson, wote katika toleo moja la jarida la Nature. (Hao akina Huxley si ndugu, msije mkachanganya.) Walitazama kwa hadubini michirizi ya msuli: mweusi, mweupe, mweusi, mweupe. Msuli ulipofupika, mweusi ulibaki na upana wake. Uliopungua ni mweupe.

Mweusi ndipo zilipo nyuzi nene za protini iitwayo miosini. Kwenye mweupe zipo nyembamba tu, za protini iitwayo aktini. Nyembamba huteleza zikaingia baina ya zile nene, basi, wala hakuna uzi uliopungua urefu. Kipande kimoja cha mpangilio huu huitwa sarkomia, na ndani ya milimita moja ya msuli uliopumzika vimepangana vipande kama 400. Kila kimoja kikijongea kidogo, mkono mzima unakunjika.

Nani anavuta? Uzi wa miosini una vichwa vingi. Mmewaona mabaharia wakivuta henza kupandisha foromali, ile boriti ya tanga: kamba haipungui hata shubiri, mikono ndiyo inashika, inavuta, inaachia, inashika tena mbele. Tena hawaachii wote kwa pamoja, foromali itawaangukia! Vichwa navyo hufanya hivyo. Ruhusa hutoka kwa kalsiamu: neva ikileta ishara, kalsiamu humwagika, hushika troponini, protini iliyo kwenye uzi wa aktini, na tropomiosini, protini nyingine iliyoziba mahali pa kushikia, husogea.

Sasa ATP, molekuli inayobeba nishati ya chakula ndani ya seli. Kwenye mtihani wengi huandika kuwa ni nguvu ya kuvutia, wakanyamaza. Hiyo ni nusu ya jibu. ATP ikijibandika kwenye kichwa, kichwa huachia. Ikivunjwa, kichwa hujitega upya. Isipokuwepo, kimeng'ang'ania pale pale. Ndiyo maana maiti hukakamaa, na nyama ya ng'ombe hukaza saa kadhaa baada ya kuchinjwa. Hata kulegea kunataka chakula.

Na mchuma karafuu anaposhuka mtini? Misuli ya mapaja inavuta huku inarefushwa. Vichwa hung'olewa kwa nguvu, na baadhi ya sarkomia hunyooshwa kupita kiasi zikaharibika. Maumivu ya kesho yake huanzia huko, si kwenye asidi ya laktiki kama makocha wetu wanavyopenda kusema. Hiyo huwa imeshaondoka mwilini baada ya saa moja hivi.