Dada, saa ngapi?

ZUHURA: Karibuni tena. Mimi Zuhura, na huyu ni Kombo, ambaye leo amekuja na karatasi.

KOMBO: Karatasi yenye mambo 6. Nimeyapa namba. Leo hatutoki nje ya mstari.

ZUHURA: Maneno hayo hayo aliyasema kwenye kipindi cha usingizi, tukaishia kujadili mto wake dakika 40.

KOMBO: Mto ule ulistahili.

ZUHURA: Haya. Mnamkumbuka kitinda mimba wetu, yule wa ngazi.

KOMBO: Yule wa ngazi! Kafanya nini tena?

ZUHURA: Kanipa ruhusa nisimulie, sharti nisimtaje jina. Jumatano, saa 4 usiku, simu inalia. Napokea, kimya. Halafu kisauti kidogo: "Dada, nakufa. Usimwambie mama."

KOMBO: Mama asijue! Atajua lini sasa, kwenye arobaini?

ZUHURA: Nikatoka mbio. Namkuta kakaa sakafuni, kashika zulia kwa mikono miwili kama linataka kuondoka. Mdomo umemkauka, macho mekundu, moyo unamwenda mbio. Nikamuuliza, umekula nini? Akanionyesha kipakiti. Biskuti za bangi, kapewa na rafiki. Zilikuwa 4, imebaki 1.

KOMBO: Kala 3?

ZUHURA: Ngoja, utamu uko kwenye mpangilio. Saa 2 kala moja. Anasubiri, hamna kitu. Saa 3 kamili anajiambia, hii haijanishika, nimeuziwa unga mtupu. Kabugia mbili kwa mpigo. Saa 3 na nusu, ile ya kwanza ikabisha hodi.

KOMBO: Na zile mbili bado ziko njiani na mizigo yao.

ZUHURA: Yeye hajui kama ziko njiani! Anadhani hilo lililomshika ndilo lote.

KOMBO: Hilo ndilo jambo namba 1 kwenye karatasi yangu. Nikiwa duka la dawa...

ZUHURA: Duka la dawa limeingia, wasikilizaji. Dakika ya pili tu.

KOMBO: Nikiwa duka la dawa nilijifunza kwamba watu hawaamini dawa inayochelewa. Mvutaji wa bangi, moshi unaingia mapafuni, damu inaubeba hadi moyoni, kutoka moyoni hadi kwenye ubongo. Dakika chache kashajua alichovuta. Anayekula, kitu lazima kipite tumbo, kiingie utumbo mwembamba, ndipo kifyonzwe. Nusu saa, saa nzima, wengine saa 2. Kilele chake kwa kawaida kinakuja baada ya saa 2 hadi 4. Kwa hiyo mdogo wako aliposema haijanishika, biskuti haikuwa imechelewa hata kidogo. Yeye ndiye aliyewahi.

ZUHURA: Mwambie hivyo mtu aliyeshika zulia.

KOMBO: Na kuisha nako ni hivyo hivyo. Ya kuvuta inakuachia baada ya saa chache. Ya kula inaweza kukaa nawe saa 6, saa 8, hata zaidi.

ZUHURA: Najua. Nilizihesabu. Maana sasa ndipo yalipoanza mambo ya saa. Nimemkalisha vizuri, nimempa maji, nimepunguza taa. Ananiangalia kwa huruma, ananiuliza, "Dada, saa ngapi?" Nikamwambia, saa 5 na dakika 12. Akaitikia kwa kichwa, kama mzee aliyepokea taarifa. Tukakaa kimya. Muda mrefu. Akavuta pumzi. "Dada, saa ngapi sasa?"

KOMBO: Ilikuwa saa ngapi?

ZUHURA: Saa 5 na dakika 14.

[Wanacheka.]

ZUHURA: Akaniambia, "Unanidanganya. Tumekaa hapa tangu jana."

KOMBO: Lakini hiyo inajulikana! THC, yaani kile kitu kinacholevya ndani ya bangi, inavuruga hesabu ya muda kichwani. Mtu anahisi muda mwingi umepita kuliko uliopita kweli. Dakika 2 kwake ilikuwa...

ZUHURA: Sikukuu nzima. Nikaona saa ya ukutani ndiyo inayomtia wazimu, ile tik, tik, tik. Nikaiteremsha, nikaiweka jikoni. Akaangalia pale palipobaki msumari, machozi yakamlenga. "Dada, umeondoa saa. Sasa tutajuaje kama imeisha?"

KOMBO: [anacheka hadi anakohoa] Hapo alikuwa na hoja!

ZUHURA: Nikairudisha! Saa 6 usiku niko juu ya kiti natundika saa ukutani ili mtu mzima alale.

KOMBO: Na sasa saa ngapi?

ZUHURA: Usianze.

KOMBO: Nauliza kwa ajili ya kipindi. Tuna dakika 20 zimebaki, na niko jambo la 1 kati ya 6. Nipe dakika 3 za ini.

ZUHURA: Mbili. Na kwa saa yangu, si kwa saa ya Kitinda.

KOMBO: Sawa. Ukila THC, utumbo unaifyonza karibu yote. Kuna dronabinoli, hiyo ni THC ya maabara, vidonge vyake viliidhinishwa Marekani mwaka 1985 kwa kichefuchefu cha wagonjwa wa saratani walio kwenye tibakemikali. Kwa dawa hiyo, asilimia 90 hadi 95 inafyonzwa. Lakini inayofika kwenye damu ya mwili mzima ni asilimia 10 hadi 20 tu.

ZUHURA: Nyingine inakwenda wapi?

KOMBO: Ini. Damu inayotoka utumboni haiendi moja kwa moja moyoni, inapita kwanza kwenye ini. Ini ni bawabu, kila mgeni anakaguliwa. Vimeng'enya vyake vinaikamata THC, hasa kimoja kinachoitwa CYP2C9, vinaibadilisha.

ZUHURA: Basi si afadhali? Bawabu kazuia.

KOMBO: Hapana! Ndiyo maajabu. Sehemu kubwa inageuzwa kuwa 11-hidroksi-THC, nayo inalevya vilevile, na inaingia kwenye ubongo kwa wepesi. Anayevuta naye anaipata, lakini kidogo. Anayekula anaipata kwa wingi.

ZUHURA: Kwa hiyo bawabu kampokea mgeni, kamvua matambara, kamvisha suti, kisha kamwonyesha mlango wa chumbani.

KOMBO: Hiyo naiandika. Halafu ini linaibadilisha mara ya pili, ndipo inakuwa kitu kisicholevya. Hicho ndicho kinachotafutwa kwenye kipimo cha mkojo. Na kwa kuwa THC inapenda mafuta, inajificha kwenye mafuta ya mwili, inatoka polepole, siku kadhaa, na kwa mtumiaji wa kila siku hata wiki kadhaa.

ZUHURA: Na kimeng'enya hicho, wote tunacho sawa?

KOMBO: Hatuna. Kuna watu wamezaliwa na CYP2C9 ya polepole. Biskuti moja kwao haiwi sawa na biskuti moja kwako.

ZUHURA: Kitinda alikuwa hajala kitu toka asubuhi. Mimi nilidhani tumbo tupu ndilo lililomponza.

KOMBO: Tumbo tupu linaharakisha, ndiyo. Lakini kwenye hiyo dronabinoli, mlo wa mafuta mengi ulichelewesha kilele kwa kama saa 4, na jumla iliyoingia mwilini ikawa karibu mara 3. Kwa hiyo angekula akashiba, asingepona. Angengoja zaidi, akadharau zaidi, akaongeza zaidi.

ZUHURA: Angemaliza kipakiti.

KOMBO: Sasa mimi nina neno moja, na usikasirike. Kwa nini hukumpeleka hospitali?

ZUHURA: Nilijua utafika hapo. Alikuwa anaongea, anapumua sawasawa, ananitambua. Nilimuuliza shangazi yetu mkubwa anaitwa nani, akamtaja, akaongeza na anazodaiwa.

KOMBO: Saa ngapi hiyo?

ZUHURA: Saa 4 na nusu. Na huo si mzaha wa saa ngapi, sawa?

KOMBO: Si mzaha. Saa 4 na nusu. Biskuti mbili zililiwa saa 3, kilele chake ni kati ya saa 5 na saa 7. Uliamua kabla mzigo haujafika. Umefanya kosa lile lile alilofanya yeye, umelitazama la sasa ukadhani ndilo lote.

ZUHURA: Tofauti ni kwamba mimi sikuondoka. Nilikaa. Na nilimkagua kila baada ya dakika 2, maana kila dakika 2 aliniuliza saa!

KOMBO: Kipakiti kilikuwa na maandishi?

ZUHURA: Hakikuwa nayo.

KOMBO: Hukujua kama ni miligramu 5 au 50. Bangi ikichanganywa vibaya kwenye unga, biskuti moja inabeba ya zote. Hukujua hata kama ilikuwa bangi peke yake.

ZUHURA: Hospitali wangempa nini? Kuna dawa ya kuiondoa?

KOMBO: Hakuna. Wangemwangalia.

ZUHURA: Mimi nilimwangalia.

KOMBO: Wewe una mashine ya moyo?

ZUHURA: Nina vidole viwili na mkono wake. Kombo, mtu yuko kwenye hofu ya kufa, umtoe nje usiku, umtie kwenye taa kali, watu wanalia, foleni, anaulizwa maswali na asiyemjua? Kilichokuwa kinamtesa kilikuwa hofu. Angeshindwa kuamka, kifua kingembana, pumzi zingepungua, ningembeba mgongoni.

KOMBO: Mstari wako uko mbali mno. Kwa mtu ambaye hujui alichokula, mstari ni pale unapojua kwamba hujui. Angeogopa, sawa, aogope mbele ya daktari.

ZUHURA: Hujakaa naye wewe.

KOMBO: Sijakaa naye. Ndiyo maana naona.

ZUHURA: Eti ndiyo maana unaona! Asubuhi saa 2 kaamka, kala, kaniomba radhi.

KOMBO: Kupona kwake hakusemi ulifanya sawa. Kunasema tu kwamba kapona.

ZUHURA: Na ningempeleka, na angepona, ungesema hospitali ndiyo iliyomponya. Sikubali, Kombo.

KOMBO: Wala mimi.

[Kimya.]

ZUHURA: Mnasikia hiyo? Hiyo ni sauti ya kipindi kimekwama.

KOMBO: Saa ngapi?

ZUHURA: [anacheka] Mwanaharamu wewe. Dakika 4 zimebaki.

KOMBO: Nne? Nina dawa nyingine zinazopita kwenye kimeng'enya kile kile, kwa mfano warfarini, ile ya kuzuia damu kuganda. Nina pombe. Nina matone ya chini ya ulimi. Nina mbwa.

ZUHURA: Mbwa?

KOMBO: Mbwa akila anapepesuka kama mlevi na kujikojolea, huwa inawashika vibaya kuliko...

ZUHURA: Achana na mbwa. Chagua moja.

KOMBO: Watoto, basi. Hapa hatubishani. Kwa mtu mzima mara nyingi ni usiku mbaya. Kwa mtoto mdogo inaweza kuwa kupoteza fahamu na pumzi kupungua, kwa sababu kipande cha mtu mzima ni kipimo kikubwa kwa mwili wa kilo 12. Na mtoto haoni dawa, anaona biskuti. Marekani, taarifa zilizofika kwenye vituo vya kushughulikia sumu kuhusu watoto chini ya miaka 6 waliokula vitu hivi zilikuwa 207 mwaka 2017. Mwaka 2021 zilikuwa 3,054.

ZUHURA: Elfu tatu?

KOMBO: Na 54. Mtoto akila, hakuna kukaa naye na kuhesabu dakika. Hospitali, saa hiyo hiyo.

ZUHURA: Hilo nakubali.

KOMBO: Kwa hiyo kiwekwe juu, kifungiwe, kisikae na vitafunwa vingine. Hilo linanikumbusha. Zilikuwa 4, kala 3.

ZUHURA: Ndiyo.

KOMBO: Ya nne iko wapi?

ZUHURA: Niliichukua. Ili asiile.

KOMBO: Vizuri. Ukaitupa.

ZUHURA: Niliitia kwenye mkoba.

KOMBO: Mkoba upi? Huo ulio kwenye kiti, ambao mwanao amekuwa akitafutia peremende tangu tuanze kurekodi?

ZUHURA: Kombo, saa ngapi?

[Kiti kinasukumwa. Kurekodi kunakatika.]