Mti Unapoacha Kuliwa

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kuja. Nianze na kisa cha ua.

Mwaka 1995 watafiti walizungushia ua wa umeme baadhi ya vipande vya nyika huko Laikipia, Kenya, ili twiga, tembo na wala mimea wengine wakubwa wasiingie. Nyika ile imejaa mgunga wa aina moja, ambao baadhi ya miiba yake imevimba kitakoni kama tufe lililo tupu ndani. Katika matufe hayo wanaishi sisimizi. Mti huwapa nyumba, tena huwapa mbochi, yale maji matamu yatokayo kwenye vitezi vya majani. Nao wakihisi tawi limetikiswa, humiminika nje na kumuuma mlaji mdomoni. Tembo huwaogopa zaidi, maana huingia hadi ndani ya mkonga.

Sasa adui ameondolewa. Mtu angetarajia mti unawiri.

Haukunawiri. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kwamba, baada ya miaka 10 hivi, miti ya ndani ya ua ilikuwa imepunguza matufe na mbochi. Kwa nini iwalipe walinzi wasio na wa kumkabili? Sisimizi wakali wakalegea, wakaanza kufuga wadudu wanaofyonza utomvu wa mti uleule, ili wapate utamu walionyimwa. Nafasi yao ikachukuliwa na aina nyingine ya sisimizi, wasiolinda vizuri, ambao huishi kwenye mashimo yanayotobolewa na mabuu ya mbawakawa. Wakawaacha mbawakawa watoboe. Miti iliyokingwa ikakua polepole na kufa zaidi kuliko miti iliyokuwa ikiliwa nje ya ua.

Nimekisimulia kisa hiki mara nyingi na bado kinanishangaza. Kinatuambia kwamba kinga ya mmea ni matumizi, na matumizi hupangwa. Sukari na nitrojeni ileile inayojenga jani jipya ndiyo inayojenga mwiba, tanini (kemikali chungu inayomkera mlaji) na sumu. Hata mwiba wenyewe: kwenye mgunga huohuo, matawi yanayofikiwa na walaji huwa na miiba mirefu kuliko yale ya juu yasiyofikiwa. Mti mmoja, tawi hili limejihami na lile limelegeza.

Lakini walaji ni nusu tu ya habari. Kilichomo mfukoni mwa mmea huamuliwa na maji, joto na udongo, na hapo ndipo tabianchi inapoingia. Wengi hudhani ukame hudhoofisha kinga moja kwa moja. Si hivyo. Ukame wa wastani husimamisha kwanza ukuaji, kwa sababu seli haziwezi kutanuka bila maji, ilhali majani yangali yanatengeneza sukari. Sukari hiyo iliyokosa kazi huweza kugeuzwa tanini au ulimbo, yaani utomvu mzito unaonata, na mmea ukawa mchungu zaidi. Ukame ukizidi, matundu ya majani hufungwa, kaboni haiingii, na mmea hukosa cha kukulia na cha kujilindia.

Kaboni nyingi hewani nayo si neema tupu. Katika majaribio ya soya huko Illinois, Marekani, mimea iliyopuliziwa kaboni dayoksaidi ya ziada shambani ilipunguza asidi ya jasmoni, homoni inayoamsha kinga jani linapotafunwa. Mbawakawa wakaila zaidi.

Kinachonikosesha usingizi, hata hivyo, ni misonobari. Mbawakawa wa misonobari, si yule wa Laikipia, akitoboa gome, msonobari wenye maji ya kutosha humfurika kwa ulimbo na kumsukuma nje. Wenye kiu hauna nguvu hiyo. Zamani baridi ilisaidia: mabuu yaliyo chini ya gome hufa baridi ikikaribia nyuzi 40 chini ya sifuri. Majira ya baridi kali namna hiyo yalipoadimika, mlipuko wa mbawakawa hao ulioanza miaka ya 1990 huko British Columbia, Kanada, ulikumba zaidi ya hekta milioni 18 za misitu.

Juu kabisa ya Milima ya Rocky, huko Amerika Kaskazini, kuna msonobari wa gome jeupe. Watafiti walipoulinganisha na msonobari wa jamii nyingine unaoota chini zaidi mlimani, walikuta kinga yake ya kemikali ni hafifu. Haukuwa umezoeana na mbawakawa, kwa kuwa baridi ilimzuia kupanda huko. Sasa amepanda. Mti huo huchukua miaka 20 au zaidi kabla ya kuzaa mbegu zake za kwanza. Mbawakawa, ambaye zamani huko juu alihitaji miaka 2 kumaliza kizazi kimoja, joto likipanda humaliza kwa mwaka 1.