Loji ya Msituni Ianze na Maji Yake: Mhadhara Kuhusu Malazi ya Wageni Amani, Usambara Mashariki

Waheshimiwa wenyeviti wa vijiji, ndugu waongoza watalii, na ninyi nyote mnaokusudia kujenga malazi ya wageni pembezoni mwa msitu, asanteni kwa kufika.

Msitu wa Amani, wilayani Muheza, ulitangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 1997, wa kwanza nchini kupewa hadhi hiyo. Hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Maji yake hushuka kwa Mto Zigi hadi bwawa la Mabayani, na wakazi wa jiji la Tanga huyanywa. Ukijenga loji huko juu, umejenga kwenye chanzo cha maji ya watu wengine. Ndiyo maana naanza na choo.

Tuchukue loji ya vitanda 20 na wafanyakazi 15. Mgeni, ukijumlisha kuoga na kufua mashuka, hutumia kama lita 150 kwa siku. Mfanyakazi asiyelala hapo mhesabie lita 60. Hizo ni lita 3,900 kila siku, na karibu zote huishia kuwa maji taka. Karo, yaani tangi la chini ya ardhi linalopokea maji taka, liweze kuyatuliza kwa siku mbili na bado libaki na nafasi ya tope: mita za ujazo 12 hivi, vyumba viwili, cha kwanza kichukue theluthi mbili. Maji ya jikoni yapite kwanza kwenye kisanduku cha kunasa mafuta, nacho kisafishwe kila wiki.

Makaro mengi huharibiwa na gata. Fundi anaona bomba la karo liko karibu, anaelekeza humo maji ya paa. Mvua ya milimita 50 usiku mmoja kwenye paa la mita za mraba 100 ni lita 5,000. Zinaingia kwa kishindo, zinatibua tope ambalo halijaoza na kulisukuma hadi shimo la kunyonya, ambamo maji yatokayo karoni hunywewa na udongo. Vitundu vya udongo vikishaziba, hakuna dawa ila kuchimba shimo jingine. Kosa la pili ni kupima unyonyaji wa udongo mwezi Februari, ardhi ikiwa kavu. Pimeni Mei, udongo ukiwa umeshiba. Maji yakisimama kwenye shimo la majaribio, achaneni na shimo la kunyonya. Jengeni kitalu cha changarawe kilichopandwa matete, maji ya karo yachujwe humo, na kikae mbali na kijito, angalau mita 30.

Maji hayo ya paa ni mali. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita 100, hata ukitoa sehemu moja ya tano inayopotea, hukupa lita 160,000 kwa mwaka, yaani mahitaji ya loji yetu kwa siku 41. Paa zote zikifika mita 900, mtaacha kugombania chemchemi na kijiji, mradi matangi yatoshe kuvusha miezi mikavu.

Maji ya moto yanahitaji umakini zaidi kuliko taa. Amani iko kama mita 900 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai ni wa baridi kweli. Kupasha lita 50 kutoka nyuzi 20 hadi 45 kunakula karibu uniti moja na nusu ya umeme. Kwa wageni 20 ni uniti 30 kila jioni. Sola ya loji ndogo, tena chini ya ukungu, haihimili mzigo huo. Betri zikizimika, jikoni wanawasha kuni, na hapo loji imeanza kuula msitu inaoutangaza. Wekeni vipasha maji vya jua mahali pa wazi, na siku za mawingu mtumie kuni za matawi yaliyopogolewa mashambani, zilizonunuliwa kwa risiti. Mbao za ujenzi nazo zitoke shamba la mitiki la Longuza, lililo humuhumu Muheza.

Bustani ya loji isipandwe maua ya kigeni. Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti Amani mwaka 1902 na kuleta mimea kutoka pande nyingi za dunia, baadhi ilitoroka. Maesopsis eminii, mti wa upande wa Ziwa Victoria na Kongo, leo umejaa msituni, na hondohondo husambaza mbegu zake.

Kwenye manunuzi, iliki iangaliwe kwa makini. Ikilimwa ndani ya msitu, mimea ya chini hufyekwa yote, miche ya miti haioti tena, na udongo ukichoka shamba linahamia mbele. Nunueni pilipili manga, ambayo hupanda kwenye miti hai shambani. Na mlipe siku hiyohiyo. Mkulima mdogo hawezi kungoja siku 30.

Sasa fedha za kijiji. Kule Peru, jamii ya Infierno na kampuni ya Rainforest Expeditions zilisaini mwaka 1996 mkataba wa miaka 20 wa loji ya Posada Amazonas: asilimia 60 ya faida kwa jamii, 40 kwa kampuni. Ni mfano mzuri, lakini faida inahitaji vitabu ambavyo kijiji kinaweza kuvikagua. Mahali ambapo uwezo huo haujajengwa, mimi napendelea tozo ya kila kitanda kinacholaliwa. Kwa mfano, shilingi 10,000 kwa usiku, vitanda 20 vikijaa nusu, ni shilingi 36,500,000 kwa mwaka, na mwanakijiji yeyote anaweza kuhesabu wageni. Mkataba upitishwe na mkutano mkuu wa kijiji. Sahihi ya mwenyekiti peke yake haitoshi. Malipo yaingie akaunti ya kijiji, na kiasi kibandikwe ubaoni kila baada ya miezi mitatu.

Aprili na Mei wageni hupungua, barabara inateleza, na wenye loji hushawishika kuwarudisha watu nyumbani bila mshahara. Msifanye hivyo. Mwongoza watalii anajua kila njia ya msitu, na asiye na kipato atazitumia kwa kazi nyingine. Bajeti ya mwaka igawanywe kwa miezi 12, na miezi hiyo miwili iwe ya kunyonya tope la karo, kuziba gata zinazovuja na kuchimba vikinga maji kwenye njia za miguu kabla hazijageuka makorongo.