Saa ya Mfumo Ikikosea, Pima Kosa Kwanza

Ndugu zangu mafundi, na nyinyi wahasibu mliokubali kuja kutusikiliza, karibuni.

Mteja akipiga simu kwamba risiti zinatoka na saa ya uongo, wengi wetu tunakimbilia kona ya chini ya skrini, tunarekebisha kwa mkono, tunachukua nauli na kuondoka. Kesho yake simu inalia tena. Ninachowaomba leo ni kimoja: kabla hujagusa kitu, pima kosa. Saa imepotea kwa kiasi gani hasa? Kiasi hicho ndicho kitakachokuonyesha pa kwenda.

Kompyuta ikiwaka na kudai tuko mwaka 1980, huku kila ukurasa wa intaneti ukigoma kufunguka kwa madai kwamba si salama, hapo hakuna mjadala, betri ya saa ya ndani imekufa. Ile ya duara, CR2032. Badilisha, endelea na shughuli. Dakika zikipotea kidogo kidogo, seva haipati saa mtandaoni; angalia kama ruta imefunga mlango wa UDP namba 123, ule ambao saa ya mtandaoni hupitia.

Linalotutesa ni kosa la masaa 3 kamili. Hapo saa ni nzima, kilichokosewa ni ukanda wa saa. Sisi Tanzania tuko masaa 3 mbele ya UTC, saa ya marejeo ya dunia, na PHP, lugha ya kuandikia programu, kuanzia toleo la 5.4, isipoambiwa iko wapi, huhesabu kwa UTC. Saa ya Windows iko sawa kabisa, mteja anakuonyesha kwa kidole, na risiti bado inadanganya. Fungua faili la php.ini, tafuta date.timezone, andika Africa/Dar_es_Salaam, kisha washa seva upya. Kwenye Windows yenyewe usihangaike kuitafuta Dar. Katika orodha yake sisi tumewekwa chini ya Nairobi, mtanisamehe.

Tazameni madhara yake kwenye duka la dawa linalokesha. Mtu ananunua dawa saa 8 usiku, tarehe 1 Julai. Mfumo unaandika saa 5 usiku, 30 Juni. Mauzo yote ya kuanzia saa 6 hadi saa 9 usiku yamerudi jana, yamerudi mwezi uliopita, na kwa anayefunga hesabu Juni yamerudi mwaka uliopita. Droo hailingani na ripoti, na keshia wa zamu ya usiku anaanza kutazamwa kwa jicho la wizi.

Halafu anakuja fundi mwenye haraka, anasogeza saa ya kompyuta mbele masaa 3 ili risiti ipendeze. Kwenye ofisi yenye Kerberos, mfumo wa kuthibitisha watumiaji wa mtandao, kwa mpangilio wake wa kawaida, tofauti kati ya saa ya kompyuta na ya seva ikizidi dakika 5 mtumiaji anakataliwa kuingia. Umeponya risiti, umefunga ofisi.

Kosa la saa moja kamili nalo lina kwao. Tarehe 1 Februari 2021 Sudan Kusini ilirudisha saa zake nyuma kwa saa moja. Kompyuta ya Juba iliyosasishwa inajua hivyo. Programu ya Java ya zamani iliyo ndani yake haijui, kwa sababu Java hubeba jedwali lake lenyewe la kanda za saa. Sasisha hilo jedwali, saa ya kompyuta iache ilivyo.

Na yaliyokwisha kuandikwa? Hayo hayajirekebishi. Chukua nakala ya hifadhidata kwanza. Tafuta namba ya risiti ya mwisho kabla ya marekebisho yako, uongeze masaa 3 kwa hiyo na zilizoitangulia tu. Ukiongeza kwa zote, mauzo ya leo ya kuanzia saa 3 usiku yataangukia kesho. Miezi ambayo ritani zake za kodi zimeshakwenda TRA, Mamlaka ya Mapato, usiiguse, hata mteja akikubembeleza. Chapisha orodha ya risiti zilizovuka tarehe, mkabidhi mhasibu, yeye ndiye anayejua zipi za kuandikia masahihisho.

Haya, maswali. Naona mkono kule nyuma.