Zamu ya Maji ni Uchumi

Ndugu zangu, kila ninapozungumzia fikra za wenyeji wa Andes, milima ya Amerika Kusini, kuhusu kuishi vyema, hakosekani wa kuniuliza: hizo ni mila, uchumi uko wapi? Basi leo naanzia hapo hapo, kwenye maji ya Cochabamba.

Bonde la Cochabamba, Bolivia, ni kavu. Wakulima wa Kiquechua hugawana maji ya mifereji kwa zamu, na haki ya zamu hutoka jashoni. Ulishiriki kuuchimba mfereji, unakuja na koleo siku ya kuuzibua, basi una saa zako. Huenda zikawa za usiku wa manane. Unaamka, unashika taa, unakwenda kuyafungulia maji shamba lako, na saa zikiisha unamwachia jirani. Pembezoni mwa mji, mabomba yasikofika, majirani walichanga wakachimba visima, vikasimamiwa na kamati zao. Nani anapata, kiasi gani, anadaiwa nini, asiyetimiza wajibu anafanywaje: kama huo si uchumi, niambieni uchumi ni nini!

Septemba 1999, serikali iliyokuwa ikisukumwa na Benki ya Dunia ibinafsishe maji ilitia saini mkataba wa miaka 40 na Aguas del Tunari, kampuni yenye mkono wa Bechtel ya Marekani. Mwezi uliofuata ikaja Sheria namba 2029, ikaipa kampuni haki ya pekee katika eneo lake, na visima ambavyo watu walivichimba kwa fedha zao vikaingia mashakani. Januari 2000 bili zikapanda, nyingine maradufu. Wakulima wa mifereji, wafanyakazi wa viwandani na watu wa visima wakafunga barabara. Aprili ikatangazwa hali ya hatari, na kijana wa miaka 17 akauawa kwa risasi. Watu hawakurudi nyuma. Mkataba ukavunjwa, na Sheria namba 2066 ikatambua desturi zao za kugawana maji. Kampuni ikaishtaki Bolivia kwenye kituo cha usuluhishi cha Benki ya Dunia ikitaka fidia ya mamilioni ya dola. Januari 2006 iliacha kesi, na hisa zikakabidhiwa kwa bei ya boliviano 2, pesa ya Bolivia. Mbili!

Najua mtasema: mbona kampuni iliondoka na mitaa ya kusini ikaendelea kununua maji ya malori? Ni kweli, na linaniuma. Lakini tazameni kilichofanyika. Mabomba yalirudishwa kwa shirika la manispaa lile lile lililokuwa limeshindwa kuwahudumia watu kabla. Zamu na kamati hazikupewa nafasi ya kuliendesha. Huwezi kulaumu dawa ambayo mgonjwa hakunyweshwa.

Na hilo ndilo lililoikuta nchi nzima. Katiba ya 2009 iliweka suma qamaña, yaani kuishi vyema kwa Kiaymara, katika ibara ya 8, pamoja na amri tatu za kale: usiwe mvivu, usiwe mwongo, usiwe mwizi. Ikakataza maji kubinafsishwa. Vizuri. Hazina, hata hivyo, iliendelea kutegemea gesi, na Septemba 2011 polisi wa serikali ile ile iliyoileta katiba hiyo waliwapiga huko Chaparina wenyeji waliokuwa wakiandamana kupinga barabara ya kukatiza TIPNIS, hifadhi iliyo ardhi yao. Anayeniambia kwamba kuandika neno la Kiaymara kwenye katiba kunatosha, aende akawaambie waandamanaji wale.

Muda unanibana, Ekuado nitaigusa tu. Katiba yake ya 2008 ilitangulia: sumak kawsay, kuishi vyema kwa Kiquechua cha huko, na haki za maumbile katika ibara ya 71. Serikali ikaiambia dunia: tuchangieni dola bilioni 3.6, tutayaacha ardhini mafuta ya Yasuní, hifadhi ya msitu wa Amazon. Zikaingia takriban milioni 13, na Agosti 2013 rais Correa akaufuta mpango. Wanaosema fikra hizi ni ndoto za wasomi waangalie kilichofuata. Vijana na wenyeji walikusanya saini, wakazungushwa miaka kumi, hawakuchoka. Agosti 2023 suala likapigiwa kura nchi nzima, katika nchi inayoishi kwa mafuta, na takriban asilimia 59 wakataka yabaki chini. Mahakama ya Katiba ilitoa mwaka mmoja visima vifungwe. Mwaka ukaisha visima vingi vikiwa bado vinasukuma mafuta.