Leonidas na Ndugu wa Jahazi

Mabibi na mabwana, nianze na neno moja. Sisi watu wa pwani tukisema jahazi hakuna anayeuliza maana. Wahindi wa Fiji, visiwa vya bahari ya Pasifiki, nao wanalo: jahaj. Mliyesafiri naye chombo kimoja ni jahaji bhai, ndugu wa jahazini.

Sasa Leonidas. Ilikuwa merikebu ya matanga, ikang'oa nanga Calcutta, India, kwenda Fiji tarehe 3 Machi 1879 na watu karibu 500, wake kwa waume na watoto wao, waliofungwa kwa mkataba wa kazi wa miaka mitano. Neno la Kiingereza la mapatano, agreement, liliwapiga chenga ulimini, wakaliita girmit. Kila mmoja alikuwa na cheti chake: jina, jina la baba, tabaka, kijiji, kimo, na alama ya mwilini. Hata kovu la utotoni liliandikwa. Leo wajukuu wanavipekua vyeti hivyo hivyo kutafuta kijiji cha babu.

Kwa Mhindu wa wakati ule, kuvuka kala pani, maji meusi, kulikuwa kujitia najisi. Na ndani ya merikebu utajitengaje? Brahmani wa tabaka la juu na Chamar wa tabaka la chini walilala ubavu kwa ubavu, chakula kikatoka jikoni pamoja. Tabaka lililolindwa vizazi na vizazi likalegea katika siku 72.

Tena kulikuwa na maradhi. Kipindupindu na ndui vilizuka njiani, wengine wakazikwa baharini. Tarehe 14 Mei wakafika Levuka, uliokuwa mji mkuu wa Fiji, lakini hawakupokewa kwa vifijo. Miaka minne tu nyuma, mwaka 1875, surua iliyoingia kwa meli iliua Wafiji wapatao 40,000. Basi wageni hao wakatengwa karantini kwenye kisiwa kidogo cha Yanuca Lailai, nchi mpya wakiitazama ng'ambo ya maji.

Gavana wa Fiji, Arthur Gordon, ndiye aliyewaita. Alikwisha kutawala Trinidad na Mauritius, akajua Wahindi wanavyolimishwa miwa huko. Wafiji hakutaka wang'olewe vijijini mwao. Huruma yake, mtaniwia radhi, ililipwa na migongo ya wengine: hadi 1916 walikwisha kuletwa zaidi ya 60,000.

Huko mashambani mtu hakuwa na baba, shangazi wala mjomba. Alikuwa na wale aliopanda nao. Walichukuana kuwa ndugu hasa, hata ikawa aghalabu watoto wa majahaji wawili hawaozwi, kwa kuwa ni ndugu.